Mifuko Sita Isiyo na Lebo

Mwalimu,

Nimekasirika, na sitangoja hasira ipoe ndipo nikuandikie. Jana nilifungua masanduku ya uchimbaji wetu wa mambo ya kale kule Silibwet. Nimekuta mifuko sita ya vigae vya vyungu bila lebo. Hakuna namba ya shimo, hakuna tabaka la udongo, hakuna jina la aliyechimba. Ni wewe uliyechimba siku ile ya mwisho, mvua ikikukimbiza, nami nikiwa mazishini kwetu Sigowet.

Wewe, uliyenitoa machozi mbele ya vibarua kwa mfuko mmoja tu. "Chelangat, kigae bila lebo ni changarawe," ukasema, ukavimwaga vigae vyote chini. Nilikuchukia siku hiyo. Halafu nikawa mtu wa kubandika lebo hata kwenye mitungi ya maziwa nyumbani, mama akanicheka.

Tangu tukuzike, mwenzako wa chuoni hunipigia simu kila asubuhi. Anataka ripoti itoke haraka, jina lake likiwa mbele. Nilipomweleza kuhusu mifuko alisema, "Andika tu shimo namba mbili, nani atajua?" Nikamkatia simu. Mimi ningejua.

Na Kogo Rael je? Bibi wa watu aliacha msimu mzima wa mahindi upite ili tuchimbe shambani mwake. Ulimwahidi mbele ya kanisa zima kwamba yeye ndiye atakayesikia kwanza, kabla ya wasomi wako, ni nani waliofuga ng'ombe zamani katika mashimo makubwa ya shambani mwake. Kila Jumapili ananishika mkono: "Hiyo maneno ya mwalimu wako imefika wapi?" Nimechoka kubeba aibu yako. Ulipenda kutuambia mali bila daftari hupotea bila habari, kisha ukafa na majibu kichwani.

Nakukosa, na hilo linaniudhi zaidi.

Basi nakuaga hivi. Jumamosi nitayapeleka masanduku yote kwa Kogo. Nitamweleza tunachokijua, kisha nitamwonyesha ile mifuko sita na kumwambia hatujui. Lebo za mifuko hiyo nimeshaziandika kwa wino usiofutika, kama ulivyonifunza. Shimo: halijulikani. Tabaka: halijulikani. Aliyechimba: hapo nimeandika majina yako, yote matatu.

Nikiwa hai, hakuna atakayeyafuta.

Chelangat