Kambare wa Mama Mkwe Amemaliza Mto Wangu

Mpendwa Mama Natalina, nisaidie kabla Idi haijanikuta na aibu. Mimi ni mshonaji hapa Arua, na tulipooana mume wangu Tahiru, fundi wa vioo, alinitengenezea kisanduku cha kioo cha kufugia samaki, akakitia mchanga, mawe na majani ya mto Enyau, akaapa humo watakaa samaki wa Enyau tu, ili niuone mto nikiwa kwenye cherehani, na kweli, Mama, nilifurahi mpaka nikawa nakosea mishono. Tatizo, makombo ya chakula chao yalizama yakachafua maji, nikasema natafuta samaki wa kukaa chini ayale, mama yake Tahiru akasikia, akaja kutoka Koboko na kambare mchanga ndani ya debe, akasema, "Mwanangu, hii ndiyo samaki ya chini. Iko kazi sana!"

Akafanya kazi kweli, makombo yakaisha, kisha samaki wangu wadogo nao wakaanza kuisha, yeye ananenepa tu, na sasa akigeuka mkia unagonga kioo, na kwetu Wanubi zawadi ya mama mkwe hairudishwi wala haipewi jirani, basi mama akija anachungulia na kushangilia, "Hawah, samaki yangu iko nanona! Ile ndogo-ndogo iko wapi?" nami namjibu, "Iko nalala chini ya mawe, mama." Wamebaki wawili, nimewahamishia kwenye sufuria. Siku ya Idi mama anakuja na dada zake wote kumwona kambare. Nikimtoa nimemtukana, nikimwacha sina mto tena, na mama huyu nampenda, sitaki tuharibiane. Nifanyeje?

Hawah, Arua

Hawah binti yangu, nimecheka mpaka machozi, halafu nimekasirika. Samaki gani wanalala siku zote hizo? Mdomo ulikuwa wapi siku ya kwanza? Mkweo hana kosa: uliomba samaki wa chini, akakuletea wa chini. Hukumwambia kisanduku ni kidogo na wenzake ni wadogo. Kambare hula chochote kinachoingia mdomoni, na mdomo wenyewe unakua.

Ukitafuta samaki mwingine wa chini, gogogo naye usimguse, ana miiba na atakua. Yule anayejibandika kwenye mawe ya maji ya kasi mwache huko, maji yako yamesimama, atakufa. Unayemtaka ni yule mwenye ndevu, mfupi kama kidole, anayejifukia mchangani pale Enyau inapotulia. Hawezi kummeza mtu. Chukua wachache, maana akiwa peke yake hujificha. Na wewe punguza mkono wa kulisha, ubadilishe maji. Samaki si mfagizi wako.

Sasa mama mkwe. Zawadi hairudishwi, haipewi jirani. Kuliwa je? Asubuhi ya Idi, mbele ya hao dada zake, mwambie, "Mama, zawadi yako nimeilisha mpaka imenona. Nifundishe kuipika." Mimi nimekuwa mkwe miaka mingi, sijaona mama anayekataa ombi hilo. Akishashika mwiko, mweleze ukweli wote kuhusu wale wadogo. Atakusema kidogo, vumilia. Kesho yake mwombe aende nawe mtoni akuchagulie wale wa mchangani kwa mkono wake, ili zawadi ibaki kuwa yake.

Kichwa cha kambare mpe yeye. Mimi niwekeeni mchuzi, nakuja.