Nailoni Kwenye Kifuniko cha Tanki

Mama Nekesa wangu,

Nimefika Buruburu salama na mwanetu amenipikia mboga ya mrenda. Lakini pikipiki imenitesa. Kila baada ya mwendo kidogo injini inakatakata, inazima; nikipumzika inawaka tena kama haijui kitu. Nikalaumu petroli, nikabadilisha plagi, wapi. Hapa Jogoo Road ikagoma kabisa. Msichana mmoja fundi akafungua kifuniko cha tanki, tukasikia tanki likivuta hewa kama mtu aliyeponea kuzama.

“Mzee, tanki ilikuwa imekosa pumzi, mafuta hayashuki. Nani aliweka hii?”

Ilikuwa nailoni ya mkate, imekatwa duara vizuri, imeziba katundu ka kupitishia hewa. Nikakumbuka mvua ya asubuhi ile niliyoondoka, na wewe umeinama hapo kwenye pikipiki ukiniambia nimalize chai kwanza. Ulikuwa unazuia maji yasiingie kwenye mafuta yangu.

Fundi alitaka kuitupa. Nikamwambia aniachie. Nimeifuta, iko kwenye mfuko wa shati.

Mungu akufunike vile ulivyonifunika, ila akuachie nafasi ya kupumua.

Baba Nekesa