Ini Lenye Ulimi

Gungu, Jumatano

Hakuna uvimbe. Hakuna sumu. Daktari amenionyesha kwenye picha ya ultrasaundi: ini langu limeshuka upande wa kulia kama ulimi, na ndilo hilo gumu nililokuwa nikilipapasa chini ya mbavu. "Umezaliwa nalo hivyo, mama. Wapo watu wa namna hiyo, wala si ugonjwa."

Nilipaswa kufurahi. Badala yake nilikaa nje ya hospitali, nikaona aibu hata kuinua uso.

Mimi ndiye niliyewaambia majirani kwamba Spesioza, mkimbizi kutoka Burundi tuliyepanga naye nyumba moja, amenitilia sumu kwenye uji. Mwenye nyumba akamtoa siku ileile, yeye na watoto wake, mvua inanyesha. Sikutoka hata kuwatazama.

Leo nimemfuata sokoni, anakouza uji. Nikamweleza yote.

"Kwa hiyo hutakufa?" akauliza.

"Sitakufa, dada. Nisamehe."

"Imana ishimwe," akamshukuru Mungu kwa Kirundi. Basi. Nami nilidhani... sijui nilidhani nini.

Nikaomba kikombe cha uji, ili watu wa pale wanione nakunywa kwake. Akamimina. Kabla hajanipa, akanywa yeye kwanza, funda moja, akameza polepole huku ananitazama. Ndipo akanikabidhi.

Nimeunywa wote.