Maktaba kwenye folda ya picha

Shoga, uko wapi? Nimeumbuka mbele ya ofisi nzima.

Unamjua Mjuaji, yule wa programu ya kamera. Mwezi jana nilimkatalia kifurushi cha programu yake, maana mimi ndiye mkaguzi, kwa sababu alibeba ndani nakala yake mwenyewe ya maktaba, yaani msimbo wa kuazima, ya kufungua mafaili, ya miaka sita iliyopita, wakati mfumo wetu tayari una mpya. Nikamwambia aitoe, atumie ya mfumo, ndipo akirudishe. Akakirudisha.

Leo imetangazwa maktaba hiyo ina tundu la kuingiza wadukuzi. Nami kimbelembele kikaoni: "Tulieni, nimeshaziba ile ya mfumo. Hakuna nyingine popote."

Dada wa usalama wa kompyuta akatafuta. Nakala kuukuu ile ile imo ndani ya kifurushi cha Mjuaji! Imejikalia kwenye folda inayoitwa "picha"!

Mjuaji bila haya: "Dada, kile kipimo chako cha kompyuta cha kukagua vifurushi kililalamikia folda yenye jina la maktaba. Nikaibadilisha jina, kikanyamaza."

Kikanyamaza! Mtu anavunja kipimajoto halafu anatangaza amepona!

Nikaanza kumchamba. Bosi akauliza taratibu, "Nani alikipitisha kifurushi hiki?"

Akafungua skrini ya ukutani. Jina langu. Na chini yake maneno yangu mwenyewe: "Safi sana. Wengine waige."