Unga wa Chuma kwenye Gitaa la Siraji

Jumapili, Jinja. Mvua ya ziwani imeanza asubuhi na haina nia ya kwenda popote. Kanisani sikwenda. Ningekwenda kumwambia nini Mungu, naye ndiye aliyeona yote?

Acha niandike mambo yalivyokuwa, nisije nikaanza kuyasadiki niliyoyasema jana.

Siraji ni fundi cherehani wa Malukhu, kule Mbale, na ndiye mpiga solo bora niliyewahi kusimama nyuma yake nikipiga ridhimu. Miezi mitano iliyopita askari walimtoa dukani kwake, futi ya kupimia bado ikining'inia shingoni. Kosa lake hakuna aliyelitaja mpaka leo. Siku ya pili mama yake akanikabidhi gitaa lake la umeme, limefungwa kwenye shuka. "Mwanangu," akaniambia, "hawa wakirudi watalibeba. Kaa nalo mpaka mwenyewe arudi."

Nikalileta Jinja. Chumbani kwangu wanapekua wakitaka, na sisi Wakenya ndio wa kwanza kugongewa mlango. Nikaamua kulificha karakanani, chini ya meza yenye mashine ya kunolea vyuma, na gunia juu yake. Nani atapekua pale penye makelele na cheche? Nikajiona mjanja.

Mjanja wa wapi!

Fundi wa chuma mzima, miaka kumi na miwili navuta vumbi la chuma puani, nikasahau kwamba gitaa la umeme lina sumaku chini ya nyuzi. Mbili, moja upande wa shingo, moja nyuma. Zimezungushiwa waya mwembamba kuliko unywele, na ndizo zinazousikia uzi unavyotetema zikapeleka sauti kwenye spika. Siraji alikuwa akizitunza kama mboni ya jicho. Kabla ya kufuta nyuzi alizifunika sumaku kwa kitambaa. Maji marufuku, mafuta marufuku, na mwenye misumari mfukoni asisogee. Tulikuwa tukimcheka sana.

Wiki iliyopita dereva wa lori, mtu wa kwetu, akaniletea habari: Siraji ametoka. Yuko hai, yuko kwa mama yake. Nililia pale pale barabarani bila aibu, kisha nikaenda moja kwa moja kulitoa gitaa.

Lo! Sumaku zilikuwa zimeota ndevu. Unga wote wa chuma nilichonoa kwa miezi mitano ulipenya gunia na shuka ukaenda kukaa pale. Nikaliunganisha na redio kuukuu niliyoigeuza spika, likakoroma kama mtu mwenye pumu.

Nilianza na brashi. Kazi bure: unga wa chuma unaufukuza hapa, unakimbilia pale. Tepu ya kunata haipatikani madukani, kama vile sukari, kama vile sabuni. Ndipo nikakumbuka watoto wa kijiji cha Wanyange wanavyonasa ndege kwa utomvu wa fenesi. Nikanunua fenesi, nikakinga utomvu, nikauviringa vidoleni mpaka ukawa kidonge kinachonata bila kuacha uchafu. Nikakibandika kwenye njiti ya kiberiti. Siku mbili nilidonoa, punje kwa punje, na sauti ikarudi, safi kabisa. Nilijisikia fahari.

Hapo ningeacha, mambo yangeisha.

Lakini kulibaki mstari mdogo mweusi pembeni mwa sumaku ya nyuma. Hakuna ambaye angeuona ila mimi. Nikachukua sindano. Nilichokora kidogo tu, na waya ukakatika. Sumaku ile ndiyo yenye sauti kali ya solo, na tangu hapo haijatoa hata mnong'ono. Mhindi aliyekuwa akisuka waya za namna hiyo hapa mjini alifukuzwa nchini pamoja na Wahindi wenzake. Duka lake sasa linauza chumvi, ikiwapo.

Jana nikapanda basi kwenda Mbale. Kwenye kizuizi cha barabarani askari alikuwa akitafuna muwa. "Hii nini?" Gitaa, afande. "Pita." Hata shuka hakuligusa.

Siraji amekonda mpaka kanzu ndiyo inayomvaa yeye. Tulikumbatiana. Mama yake akaleta chai, Siraji akaliunganisha gitaa na spika yake, akaliweka kifuani, akapiga kidogo kwa sumaku ya mbele, akatabasamu. Kisha akageuza swichi kwenda sumaku ya nyuma.

Kimya.

Akanitazama. Nilifungua kinywa niseme ukweli, wallahi nilikusudia, kikatoka kitu kingine. "Ni kwenye kizuizi cha barabarani," nikasema. "Askari walilifungua, wakalichokora kwa singe."

Uongo wa namna hiyo siku hizi hauhitaji shahidi. Mama yake akasema Mungu atawalipa. Siku moja tu askari hakufanya kosa, nami nikamsingizia!

Siraji akaondoa mikono kwenye nyuzi.

"Wamelishika?"

"Wamelishika."

"Basi liondoe, ndugu yangu. Kilichoshikwa na mikono ile siwezi tena kukiweka kifuani."

Nikamwambia ni waya tu, utasukwa, sumaku ya mbele ni nzima. Akasema hasemi habari ya waya. Akamwomba mama yake maji, akanawa viganja, akavifuta kwenye kanzu, akanawa tena. Hakulitazama gitaa mpaka nilipolifunga.

Na mimi nikafanya nini? Nikaaga. Nikapanda basi nikarudi nalo, na sasa liko hapa kitandani.

Nimekuwa nikijiuliza tangu asubuhi, naogopa nini hasa. Si hasira yake, Siraji hajui kukasirika zaidi ya saa moja. Naogopa kwamba mama yake aliniamini mimi kuliko kufuli, na nitalazimika kumwona akilijua hilo kosa. Aibu yangu niliipima na muziki wa Siraji, nikaona aibu yangu ni nzito zaidi. Hiyo ndiyo hesabu niliyoipiga, nikiwa nimeshika kikombe cha chai yao.

Wao walimfungia miezi mitano na hawakulipata gitaa. Nimewamalizia kazi mimi, rafiki yake.

Kesho sitakwenda karakanani. Mkubwa wa kazi akate mshahara, asikate, shauri yake. Nitapanda basi la kwanza la Mbale na gitaa magotini. Akinifukuza, na anifukuze. Ila nitasema nikiwa bado nimesimama mlangoni, kabla mama hajaniambia karibu uketi, kabla ulimi haujapata nafasi ya kugeuka:

Siraji, hakuna askari aliyeligusa. Mikono iliyoliharibu ni hii yangu.