Kwa Susu, Kuhusu Mbwa Niliyemfunza Kunyamaza

Mpendwa Susu,

Mwalimu ametuambia tumwandikie mtu aliye mbali. Wenzangu wanawaandikia kaka zao walio kazini kwenye reli, kule Emali. Mimi nakuandikia wewe, mama yake baba, ingawa tulikuzika kabla ya mvua, kwa sababu kuna jambo sijamwambia mtu yeyote.

Unakumbuka siku Karani alipokuja? Ulimbeba kwenye kiondo kutoka soko la Tawa, ukapanda naye vilima vyote hadi Mbooni. Ulipomtua tu, akasimama mlangoni kwako akambwekea kila aliyepita. Ulisema mbwa huyu ni karani wa kodi, hawezi kumwacha mtu apite bila kumwuliza jina. Jina likamganda.

Alikuwa na makosa mengi. Aliiba mayai, na wageni aliwarukia kifuani kwa miguu ya matope. Mama alitaka tumtie yai la moto mdomoni, kama watu wanavyofanya. Ukakataa. Tukawa tunaokota mayai mapema kabla hajayaona, na kila aliporuka tulimpa mgongo, hadi akachoka kurukia migongo. Lakini kubweka kulinishinda. Nilikuwa nasomea mtihani wa kuingia shule ya bweni, naye alibwekea hata kuku. Nikawa namkemea kwa sauti. Wewe ulicheka ukishika mbavu.

"Mke mwenza," ukaniambia, kwa utani wetu wa bibi na mjukuu, "ukimpigia kelele anadhani mnabweka pamoja."

Ukanionyesha njia. Ningoje anyamaze mwenyewe, niinue kidole, kisha nimpe kipande cha kiazi kitamu. Ulinionya nimfunze yote mawili, kubweka akiambiwa na kunyamaza akiambiwa. Mimi nilikuwa na haraka. Nikamfunza ile nusu iliyonifaa. Baada ya majuma machache, nikiinua kidole alifunga mdomo papo hapo, nami nikajivuna.

Siku ile, Susu, wote walikuwa shambani wakichuma kunde. Nilibaki na kitabu changu. Karani alikuja mbio kutoka mlangoni kwako, akabweka mbele yangu. Nikainua kidole. Akanyamaza. Akaenda hadi kwako, akarudi, akabweka mara moja. Nikainua kidole tena bila kuinua macho. Akaketi, mwili wote unatetemeka, mdomo umefungwa, akingojea kiazi chake. Nikampa.

Mama alikukuta jua limekwisha kupinda. Ulikuwa umeanguka kando ya mafiga. Watu walisema ulikwenda upesi, hukuteseka. Sijui walijuaje. Mimi na Karani tunajua kwamba kuna mtu aliyeitwa na hakuja.

Tangu siku hiyo mbwa wako hakubweka tena. Nyani walishuka mchana kweupe wakala mahindi mabichi, yeye akiwatazama. Baba akasema mbwa asiyebweka ni mdomo wa kulisha bure, na kwamba ikifika Jumamosi angali kimya, atampiga mshale. Baba si mkatili, wewe ndiye uliyemzaa. Mahindi yale ndiyo chakula chetu.

Jumatatu nilimpeleka nyuma ya ghala, nikapiga magoti, nikabweka. Jirani yetu Nduku alikuwa akipita na wenzake, wamebeba maji. Akawaambia kwamba yule msomi amemaliza vitabu vya watu, sasa ameanza vya mbwa. Walicheka hadi maji yakamwagika. Karani hakunijibu. Alikuwa akitazama mkono wangu wa kulia, akingoja kidole. Nikauficha mgongoni pamoja na mwenzake, na kila siku baada ya shule niliketi naye hivyo, mikono nyuma.

Ijumaa aliinuka akaniacha. Akaenda kwenye nyumba yako, ambayo hakuna aliyeifungua tangu mazishi. Akasimama mbele ya mlango, manyoya ya mgongo yamesimama. Akanigeukia kutafuta mikono yangu. Haikuonekana. Akabweka.

Alibweka kwa muda mrefu, sauti imekauka kama ya mtu aliyelia siku nyingi. Nilijua hasemi habari za nyani. Nilitamani sana kuinua kidole. Badala yake nikasema, "Nimesikia, naja," nikaenda nikafungua mlango.

Hapakuwa na mtu. Palikuwa na majivu, na kitanda chako, na mwanga ukipenya kwenye nyasi za paa. Karani alinusa kila pembe, kisha akalala kando ya mafiga, nami nikaketi karibu naye. Baba alikuja mbio kutoka shambani akiwa na upinde, akatukuta humo. Akauliza kama ni Karani aliyekuwa akibweka. Nikaitikia. Baba hakuvuka kizingiti.

"Mwache abweke," akasema, akarudi kwenye mahindi.

Mtihani ni mwezi ujao. Mama anasema saa yako ilikuwa imefika, hata angekuwapo nani. Lakini hajui habari ya kidole. Nikifaulu nitakwenda mbali, na kabla ya hapo nitamweleza.

Siku hizi nasikia kubweka hata wakati Karani amelala miguuni pangu. Naweka kitabu chini, natoka nje kutazama. Mara nyingi ni kuku, au hakuna kitu. Natoka hata hivyo.

Pumzika, Susu.

Mjukuu wako,
Mwende