Wa Kumtaja Swabra

Lodwar,
19 Mei 2025

Mama yangu,

Shikamoo. Nakuuliza hali ingawa naijua. Siku ile kwa simu tulilia tu, mimi huku nawe huko, hakuna aliyemaliza sentensi. Nimeona bora nikuandikie.

Pole sana, Mama. Mwanao Faiz alinipigia saa tisa nikiwa wodini, akaniambia dadake, Swabra wetu, ameshazikwa baada ya adhuhuri. Hata ningepata ndege nisingemkuta. Nikarudi kufunga vidonda vya watu. Lynnette, muuguzi mwenzangu, akaniuliza, "Mbona macho mekundu?" Nikamwambia rafiki yangu wa utotoni amefariki. Akanipa pole, ni mtu mwema, lakini ningeanzia wapi? Huku hakuna hata mmoja aliyemjua Swabra.

Siku hizi namkumbuka tukiwa darasa la tatu. Tuliteremka kwenye mikoko kutafuta chaza, nawe ulikuwa umetukataza. Akakatwa na gamba unyayoni. Nikambeba mgongoni, na njia nzima ananifunza la kusema: "Sema ni chupa, Nyale. Chupa ya barabarani." Tukakuapia kwamba ni chupa.

Mungu amrehemu.

Mwanao,
Nyale

Jomvu Kuu,
11 Juni 2025

Mwanangu Nyale,

Marahaba. Mwili ni mzima, alhamdulillahi. Wewe wala vizuri huko kwenye jua kali?

Barua yako imenichekesha, wallahi, mara ya kwanza tangu msiba. Kisha nikaona haya, nacheka peke yangu nyumba nzima. Nalijua, mwanangu! Chupa gani ya barabarani itiayo tope la mikoko mpaka magotini? Nilinyamaza kwa sababu ya Swabra mwenyewe. Ulipokwenda kwenu alianza kulia, nami nikadhani ni kidonda. Kumbe sicho. Akaniuliza, "Mama, utamkataza Nyale kuja?" Nikamwambia sikukatazi. Akanyamaza papo hapo, akaomba chakula.

Matangani watu walijaa mpaka nje. Siku ya tatu wakachukua sufuria zao wakaenda. Sasa wakipita huniuliza magoti yangu, huniuliza mvua. Jina lake hawalitaji, wakhofu wataniliza. Juzi niliita kwa sauti, "Swabra, anua nguo, mvua yaja!" Nikabaki nimesimama pale mlangoni. Nguo zikarowa zote.

Niandikie tena. Niandikie nisiyoyajua.

Mama yako,
Mwanaima

Lodwar,
2 Julai 2025

Mama,

Shikamoo. Mimi sijambo. Natumai magoti yamepoa, na unayapaka dawa.

Unajua kwamba Swabra alikuwa na madrasa yake? Akitoka kwa mwalimu alinikuta namngoja, mimi mtoto wa Kigiriama nisiyeruhusiwa kuingia. Ananikalisha nyuma ya nyumba yenu, anashika kijiti, ananisomesha alichosoma. Nikikosea anauchapa mpapai. Ule mpapai ulichapwa, Mama! Alfatiha naijua mpaka leo. Siku aliyozikwa niliisoma chooni hospitalini, mlango nimeufunga.

Na kuna jambo jingine, sijui kama aliwahi kukwambia. Alipoachika akarudi kwako, nilimpigia simu nikaanza kumlilia. Akanikatiza. "Usinionee huruma," akasema. "Kule nilikuwa nakula na mtu asiyenitazama. Nimerudi kwa mama, tunacheka mpaka chakula kinapoa."

Mwanao,
Nyale

Lodwar,
9 Agosti 2025

Mama,

Shikamoo. Hujambo? Mwezi umepita sijapata jibu, na simu yako haishiki. Nimekuwa nikijilaumu: pengine habari ya kuachika sikupaswa kuigusa. Jana nimempata Faiz, akaniambia amekuhamishia kwake Magogoni. Namtumia yeye barua hii akufikishie. Nijibu japo mstari mmoja.

Nyale

Magogoni,
24 Agosti 2025

Mwanangu Nyale,

Marahaba. Usijilaumu. Miaka sita nilidhani mtoto wangu amerudi kwangu amevunjika, na ananificha. Barua yako niliilalia chini ya mto. Nilishindwa kuijibu kwa kuwa kila nikishika kalamu nalia, na kulia kwenyewe kulikuwa kuzuri.

Faiz amenichukua kwa mapenzi. Mkewe ananipikia, wajukuu wananipanda mgongoni. Sina la kulalamika mbele yao, ndiyo sababu nakuandikia wewe.

Miaka thelathini na nne nimeitwa Mama Swabra. Hapa ni Mama Faiz. Naitika, ni mwanangu pia. Lakini wiki iliyopita alikuja jirani, akaniuliza, "Mama, Mungu amekupa watoto wangapi?" Kabla sijafungua mdomo, mkwe wangu akamjibu: "Ni Faiz tu." Hakusema kwa ubaya, Nyale. Alitaka kuniepusha na uchungu. Nikachukua sinia la mchele nikachambua, na mchele ulikuwa umeshachambuliwa.

Mama yako

Jomvu Kuu,
5 Oktoba 2025

Mwanangu Nyale,

Nakusalimu kutoka nyumbani. Ndiyo, nimerudi.

Faiz amekasirika. "Mama, utakaa na nani kule?" Nikamwambia, "Nitakaa." Akaniuliza amenikosea nini. Nikamshika uso, nikamwambia, "Hukunikosea. Wewe umempoteza dada, una mke na watoto wa kukaa nao. Mimi nimempoteza mtu niliyekaa naye." Kesho yake alikuja na tuktuk akanipakilia vitu mwenyewe. Na kabla ya kuniacha aliingia chumbani kwa Swabra akakaa kitandani. Akaniambia, "Mama, sauti yake imeanza kunitoka." Tukakaa pale tukamzungumza mpaka ikaadhiniwa magharibi. Ndiyo mara ya kwanza mimi naye.

Sikudanganyi, upweke upo. Kuna saa nawasha redio nipate tu mtu wa kusema. Lakini Magogoni nilikuwa na watu, nikamkosa yeye na nikajikosa na mimi. Huku namkosa yeye tu.

Likizo yako ya Disemba usiende kwingine. Nguo zake nimezitoa sadaka, godoro sijaweza. Utalilalia wewe. Usijisumbue kuleta kitu, wala usijitahidi kunifurahisha. Njoo tu ulale chumba hicho, nami niwe changu, nisikie mtu akikohoa na kugeuka upande wa pili wa ukuta.

Mama yako,
Mama Swabra